Jumamosi Tulizokula Bakoba

Kwetu ni Mombasa. Bukoba nilipelekwa na kazi, vita vikiwa vimekwisha karibuni, nikawa karani wa mizigo pale gatini ambapo meli za ziwani zilipakia kahawa. Wakubwa wetu walikuwa Kisumu. Nilikwenda na mke wangu na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka miwili. Mama yangu alilia kituoni garimoshi lilipoondoka, maana kwake Tanganyika ilikuwa nchi ya watu, na Bukoba ilikuwa mwisho wa nchi hiyo. Hakukosea sana. Mtawala alikuwa Mwingereza yuleyule na shilingi ilikuwa ileile, lakini tulikuta watu wanazungumza Kihaya, wanakula ndizi mchana na jioni, mvua inanyesha karibu kila wiki, na hakuna mnazi hata mmoja. Siku ya kwanza mke wangu alikwenda sokoni kutafuta nazi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga alimuuliza nazi ni kitu gani.

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Kibeta, juu ya mji. Upande mmoja ilipakana na migomba ya jirani, na ukisimama mlangoni asubuhi ukungu ukishaondoka uliona ziwa.

Mombasa sikuwahi kula na mke wangu. Wanaume tulikula ukumbini, wanawake walikula uani na watoto. Ndivyo mama yangu alivyoyakuta mambo na ndivyo alivyoyaendeleza. Siku zetu za mwanzo Kibeta mke wangu alifanya vivyo hivyo. Aliniletea sinia, akanimiminia maji ya kunawa, akarudi jikoni. Nilikula peke yangu nikitazama ukuta. Siku ya tatu mtoto alitoka jikoni mbio, akakaa mbele yangu na kutia mkono katika wali wangu. Mama yake alikuja kumchukua, naye akashika ukingo wa sinia, akakataa kubanduka.

"Basi kaa nawe," nilimwambia mke wangu.

Alitazama mlangoni kana kwamba mama yangu angeweza kuingia, kisha akakaa.

Tangu siku hiyo tulikula watatu. Kila mmoja alikuwa na upande wake wa sinia, na mtoto alikuwa mkali sana juu ya upande wake. Ukisogeza mkono kidogo tu alikuondoa. Mke wangu alimchambulia samaki, akampangia vipande vidogo juu ya wali, naye akavila kimoja kimoja akiwa amefunga macho. Sijui aliyatoa wapi mazoea ya kula akiwa amefunga macho. Tulikaa hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa, na nikiulizwa leo maisha yangu yalikuwa mazuri lini, jibu langu ni hilo.

Kisha surua ikaingia mjini. Watoto wengi waliugua na wengi walipona. Wetu aliugua siku tano. Siku ya sita asubuhi mama yake alikwenda kisimani, nami nikabaki nimempakata, na alikata roho kabla ndoo haijarudi. Niliisikia hatua ya mke wangu ikipanda kilima na nikawa naomba achelewe. Hakuchelewa. Alitua ndoo taratibu bila kumwaga maji, akanitazama usoni, akajua.

Waislamu wa mji, ambao wengi wao tulikuwa tukisalimiana nao msikitini tu, walikuja wakafanya kila kitu. Wanawake walimwosha, wanaume wakachimba. Majirani zetu, Wakatoliki, walileta ndizi zilizopikwa na maharage zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba, asubuhi na jioni kwa siku tatu, na hawakukaa kusubiri shukrani. Matanga yakaisha. Watu wakarudi kwao. Mke wangu akawasha moto, akapika wali, akaleta sinia, akaweka chini tukakaa.

Nilikula upande wangu. Yeye alikuwa ameweka mkono juu ya wali, hauendi wala haurudi.

"Upande ule haupungui," alisema.

Nilitazama. Kweli, mimi nilikuwa nimechimba, na kwake kulikuwa na alama ya vidole, lakini upande wa tatu wali ulikuwa umesimama kama ulivyopakuliwa. Nilimwambia siku nyingine apike kidogo, atupakulie katika sahani. Alifanya hivyo. Alikaa na sahani mapajani mpaka chakula kikapoa, akairudisha jikoni. Siku zingine alikula vijiko viwili akiwa amesimama jikoni, siku zingine hakula kabisa. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Nilipomsihi hakunijibu vibaya. Alisema, "Nitakula, bwana," akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Siku ya kumi na tisa baada ya mazishi nilikaa ofisini wakati wa chakula cha mchana na kuandika barua kwa wakubwa wangu Kisumu. Niliomba uhamisho wa kurudi Mombasa. Nilieleza kwamba nimefiwa na kwamba afya ya mke wangu imedhoofu. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba hana nguvu za kufikiri, kwamba nyumba ile itamuua, na kwamba kazi ya mume ni kuamua. Yote hayo niliyaamini. Barua iliondoka na meli ya wiki ileile.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka kazini saa saba nikakuta moshi umejaa uani. Chungu kilikuwa kimeungua mpaka kikapasuka, na mke wangu alikuwa amekaa kando yake akikitazama. Nilizima moto.

"Vaa," nilimwambia. "Twende mjini tukale."

"Tukale wapi?"

"Hotelini."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kwetu, mwanamke mwenye heshima hakukaa hotelini, na Bukoba mambo hayakuwa tofauti sana. Hoteli ilikuwa mahali pa wachukuzi, madereva na wanaume wasio na wake. Lakini hakuwa na nguvu za kubishana. Alivaa buibui lake, tukashuka kilima hadi mtaa wa Bakoba.

Mwenye hoteli alikuwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuja zamani kutoka pwani na misafara, akaoa Mhaya, akazikwa hapohapo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Alikuwa na meza nne mbele na chumba kidogo nyuma, na mke wake ndiye aliyepika. Alipotuona mlangoni hakuuliza neno. Alitupitisha nyuma, akaondoa magunia mawili ya mkaa, akafuta meza, akatundika kanga mlangoni iwe pazia. Kisha akaleta pilau katika sahani mbili za bati zenye maua ya buluu, moja yangu, moja ya mke wangu.

Nilianza kula bila kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba nikimtazama haendelei. Nilipoinua macho, nusu ya sahani yake ilikuwa imekwisha.

Hatukuzungumza lolote juu ya jambo hilo. Jumamosi ya pili alikuwa amekwisha kuvaa nilipofika nyumbani.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Siku za wiki alikula kama ndege, lakini Jumamosi alikula sahani nzima. Nilimuuliza mara moja kwa nini anaweza kula pale na nyumbani hawezi.

"Pale nyumbani mimi ndiye nimepika," alisema. "Mkono wangu haujui kupima wali wa watu wawili. Huyu mama hajawahi kumpikia mtoto wangu."

Mke wa mwenye hoteli alikuwa mama mnene, Mhaya wa upande wa Muleba aliyesilimu alipoolewa. Wiki ya kwanza alituchungulia tu. Wiki ya pili aliinua pazia akakaa na mke wangu. Mjini watu walikuwa wamezoea kumwita mke wangu Mama, wakifuatisha jina la binti yetu, na sasa wengi walisitasita, wakaanza neno wakaliacha katikati. Yule mama alimuuliza waziwazi kama jina lile linamuumiza.

"Linaniuma wasipolitaja," mke wangu alijibu.

Basi yule mama akamwita hivyo, kwa sauti, kila tulipoingia. Wakawa marafiki. Mke wangu alimfundisha kukaanga vitunguu vya pilau mpaka viwe rangi ya kahawia kabla ya kutia viungo, na yule mama alimfundisha kupika sato na mchuzi wa karanga kwa kuwa nazi hakuna. Mke wangu alimwahidi kwamba siku moja atamletea nazi aione, na yule mama akasema akiletewa ataiweka juu ya kabati watu waje kuitazama.

Baada ya mwezi hivi mke wangu aliomba tuhamie mbele. Alisema nyuma kuna giza. Mwenye hoteli alitupa meza ya pembeni, karibu na dirisha, na tangu hapo tulikuwa tukila tukitazama barabara: wanawake wakitoka sokoni na vikapu, baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, malori ya kahawa yakishuka gatini. Tulizungumza. Sikuwahi kuzungumza na mke wangu hivyo, hata kabla ya msiba. Alinisimulia utoto wake, habari ambazo nilipaswa kuzijua tangu tulipooana: kwamba aliwahi kumeza pete ya shangazi yake, kwamba aliogopa kuolewa na mimi kwa sababu nilionekana mtu wa hasira. Nilimsimulia mambo ya gatini. Aliniuliza maswali. Watu wawili wakiwa wamekaa kitako meza moja, uso kwa uso, hawana pa kukimbilia, wataanza tu kusema.

Maneno yalipita mjini, kama nilivyotazamia. Ijumaa moja baada ya sala mfanyabiashara mmoja, mtu mzima wa kwetu pwani, alinishika mkono.

"Bwana karani," alisema, "hoteli ni ya wasafiri. Mkeo ana jiko lake."

"Jiko lina moshi, mzee wangu," nilimjibu.

Alitikisa kichwa akaniacha. Nilimsimulia mke wangu Jumamosi, nikadhani ataona haya. Alisema, "Huyo alikuja kuzika?" Nikasema alikuja. "Basi msamehe," akasema, akaendelea kula.

Ulipofika mwezi wa senene, wale panzi wanaoliwa huko, walikuja kwa wingi. Mke wa mwenye hoteli aliwakaanga akatuletea kisahani. Mke wangu alirudisha kiti nyuma.

"Nzige ni halali, binti yangu," mwenye hoteli alimwambia kutoka kwenye meza nyingine. "Na senene ni ndugu yake."

"Bibi yangu mimi hakuwala," mke wake alisema. "Zamani huku wanawake waliwakamata, waliwachambua, waliwakaanga, halafu wakala wanaume. Mimi nawala kwa niaba ya bibi."

Mke wangu aliokota mmoja, akamtia mdomoni kama mtoto anayepewa dawa, akatafuna. Akatafuna tena. Akachukua wa pili. Halafu akaniona ninavyomtazama, akacheka, na mimi nikacheka, na yule mama akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipogundua kwamba amecheka alinyamaza ghafla, machozi yakamtoka, akajifunika uso kwa buibui. Yule mama hakumwambia anyamaze. Alikaa karibu naye akaendelea kula senene mmoja mmoja mpaka alipotulia.

Siku hiyo ningeweza kuandika barua nyingine Kisumu. Ilikuwa rahisi: mistari mitatu, kwamba hali ya nyumbani ni nzuri na ombi langu naliondoa. Nilifikiri hivyo tukipanda kilima kurudi Kibeta. Lakini kila Ijumaa asubuhi mke wangu alikuwa akienda kaburini kung'oa magugu, na wiki ile alikuwa amesema, kama mtu anayesema hali ya hewa, kwamba akifa angependa alazwe pale. Lilinitia hofu lile neno. Sikuandika.

Gatini nilifanya kazi na mpimaji wa magunia, Mkatoliki wa Izigo, mtu mpole aliyekuwa akinifundisha Kihaya nami nikimsaidia kuandika barua. Mwanzo wa mwaka alitualika kwao. Tulipanda lori lililokuwa likirudi tupu kuchukua kahawa, dereva akamweka mke wangu mbele, tukafika Izigo kabla ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote hata huioni mpaka ufike mlangoni, na chini ya migomba mibuni. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi kwa ajili yetu. Mama wa mwenyeji wangu, bibi mkongwe, alitupokea na kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama wanavyompokea mgeni, ukatafuna moja na kusema waitu, ambalo ndilo neno lao la heshima.

Pale tulitenganishwa. Wanaume tulikula mbele, wanawake nyuma, kama nyumbani kwetu. Tulipewa ndizi na kuku, kuku ambaye walikuwa wameniomba nimchinje mimi ili tuweze kumla. Nilikula nikisikiliza sauti ya mke wangu upande wa pili. Sikusikia alichosema, lakini alizungumza muda mrefu.

Baadaye alinieleza. Yule bibi alikuwa amemuuliza ana watoto wangapi, na mke wangu alijibu kwamba anaye mmoja, yuko Bukoba, amelala. Mke wa mpimaji alitafsiri, na bibi alielewa. Alimshika mkono akamtoa nje, akampitisha katikati ya migomba hadi mahali palipokuwa na matuta manne yaliyofunikwa nyasi kavu. Mume wake na watoto wake watatu. Hatua ishirini tu kutoka mlango wa jikoni. Alimwambia kwamba kila siku akienda kukata ndizi anawapitia, na wakati mwingine anawagombeza.

Tulikuwa tumeketi juu ya magunia nyuma ya lori, tunarudi, kwa sababu safari hii mbele kulikuwa na mgonjwa. Upepo ulikuwa mkali na mke wangu alinisogelea.

"Hawa hawahami," alisema. "Ukifa unabaki nyumbani."

"Ndiyo desturi yao," nilisema.

"Tutakaa hapa, au siyo? Sisemi milele. Tukae."

Barua yangu ilikuwa Kisumu. Ningeweza kumwambia wakati ule, na lori likitikisika vile, angeweza hata kunipiga na pasingekuwa na mtu wa kuona. Nilisema, "Inshallah."

Aliniegemea mpaka Bukoba.

Jibu lilifika baada ya wiki chache. Wakubwa walikuwa wamenikubalia ombi langu, niondoke na meli ya mwisho wa mwezi, nikaripoti Mombasa bandarini. Gatini walijua, kwa kuwa ombi langu lilikuwa limepitia humo, lakini nyumbani niliiweka ile barua mfukoni siku nne. Nilipanga nimwambie Jumamosi, hotelini, baada ya chakula, kwa kuwa pale ndipo tulipozoea kuambiana mambo. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno: kwamba nimepangiwa, kwamba mtumishi hana hiari.

Jumamosi tuliingia, tukakaa dirishani. Mwenye hoteli alileta sahani zetu mwenyewe, akasimama, uso wake una furaha na huzuni pamoja.

"Nimesikia mnatuacha," alisema. "Mpimaji wenu alikuwa hapa jana. Anasema ulilingoja jibu muda mrefu, bwana karani. Tangu mwezi ule wa msiba. Mungu amekusikia, utamrudisha binti yangu kwao."

Alisema kwa wema. Hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mke wangu hajui. Alipoona nyuso zetu alirudi nyuma polepole, akaenda kufuta meza ambayo haikuwa chafu.

Mke wangu hakuinua sauti.

"Uliomba?" aliniuliza.

"Niliomba."

"Tangu mwezi wa msiba."

"Ulikuwa huli. Niliogopa."

"Tangu mwezi wa msiba," alisema tena, na nikaona anahesabu. "Kabla hatujaja hapa hata mara moja."

"Ndiyo."

"Na kwenye lori ulikuwa umeshaomba."

Alinitazama kidogo, bila chuki, kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine ukagundua umekosea. Kisha akavuta sahani yake, akala. Alikula yote. Alikula polepole, punje kwa punje, mpaka maua ya buluu yakaonekana yote, na mimi nikiwa nimekaa mbele yake, sahani yangu haijaguswa. Alinawa. Alisema alhamdulillahi. Alikwenda jikoni kumuaga yule mama, wakakaa humo muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa makavu.

Hicho ndicho chakula cha mwisho nilichokula pamoja na mke wangu.

Wiki mbili zilizobaki alinipakulia na kuniwekea, akarudi jikoni, kama siku zile za kwanza. Kila asubuhi alikwenda kaburini. Melini na garimoshini alisema anafunga, analipa siku zake za Ramadhani, na huenda ilikuwa kweli. Tulipofika Mombasa mama yangu alimkumbatia, akalia naye, akampeleka uani kwa wanawake, na mimi nikaingia ukumbini kwa wanaume.

Kinachonisumbua ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona kwamba kuna kitu kimevunjika. Pale kwetu mke hali na mumewe. Wanawake walikaa wengi kuzunguka sinia moja, mikono mingi, hakuna upande wa mtu, na mke wangu alikula vizuri akanenepa. Alinitunza. Nguo zangu zilikuwa safi, maneno yake yalikuwa ya heshima, tulipata watoto wawili wa kiume na aliwalea vizuri. Ndugu zangu walimsifu. Mama yangu alikufa akimwombea. Mimi tu ndiye niliyejua, na yeye.

Kila mwaka baada ya Idi alifunga kifurushi akakishona kwa gunia, akaniambia nikipeleke kituoni kwa mtu wa kukifikisha Kisumu, kutoka huko mabaharia wakipeleke Bukoba kwa yule mama. Nilikipeleka. Kilikuwa kizito na ukikitikisa ulisikia maji ndani. Majibu yalikuja kwa mdomo tu, kupitia kwa mabaharia: nazi imefika, kaburi limepaliliwa. Nilimfikishia, naye akasema, "Ahsante, bwana."

Mara moja, watoto wakiwa wakubwa, nilijikaza. Kulikuwa na hoteli mpya karibu na kituo, safi, yenye chumba cha familia, na watu wa heshima walikuwa wameanza kwenda. Nilimwambia Jumamosi moja avae, twende tukale.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha.

"Kwetu huku mwanamke hali hotelini," alisema.

Yalikuwa maneno ya mama yangu, hata sauti ilifanana. Nilisimama pale kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba nilikosea, kwamba si kuomba uhamisho tu, bali lile neno nililosema kwenye lori. Nilikuwa nimelibeba miaka mingi na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mke wa mwanetu aliingia na ndoo, akasalimia, mke wangu akamsogezea kiti, na nikatoka nje.

Alitangulia yeye. Aliugua miezi mitatu. Mwishoni alikuwa hawezi kushika kijiko, na wake wa wanangu walipochoka nilikaa mimi kitandani nikamlisha uji. Alikubali. Alifungua kinywa, akameza, akafunga macho. Siku moja nilimwambia, kwa sababu hapakuwa na mtu chumbani, "Nisamehe ya Bukoba."

Alifumbua macho.

"Nilikusamehe zamani," alisema. "Lakini sikuweza kukaa nawe tena kwenye sinia."

Alifungua kinywa, nikampa kijiko kingine.